Kazi za Nyumbani kwa Mwenye Ajira: Saa Ngapi Zinatosha?

Kazi za nyumbani ni zile zinazofanywa bila ujira ili watu wa nyumba moja wale, wavae nguo safi, walale pazuri na wasiugue: kupika, kuosha vyombo, kufagia na kudeki, kufua na kupiga pasi, kuhifadhi maji, kwenda sokoni na kutunza ua. Malezi ya watoto, uuguzi na kilimo cha familia huambatana nazo, lakini ni vizuri kuvihesabu pembeni, kwa sababu mtoto anayemhitaji mzazi wake hapaswi kushindana na sakafu inayosubiri kudekiwa.

Kwa mtu mzima mwenye ajira ya kutwa katika Dodoma na miji mingine ya nyanda za kati, kiasi kinachofaa ni saa 12 hadi 14 kwa wiki. Hiyo ni saa 1 na nusu kila siku ya kazi, saa 4 Jumamosi, na Jumapili kupika na kuosha vyombo tu. Wanaoabudu Ijumaa au Jumamosi, na wanaofanya kazi kwa zamu, wanaweza kuzihamisha saa hizo bila kubadili jumla yake. Zikizidi sana hapo, mwili, watoto, ibada au kazi ya ajira ndivyo vinavyolipa. Kiasi hicho hakipatikani kwa kukimbizana na kila uchafu unaoonekana. Saa hupangwa kwanza, kisha zinachaguliwa kazi zinazoenea ndani yake, zikitangulia zile zinazolinda afya.

Hesabu ya wiki

Wiki ina saa 168. Usingizi wa saa 8 kila usiku huchukua 56, na zinabaki 112. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa wiki, na zisizozidi 9 kwa siku. Mtumishi wa ofisi ya serikali anayeingia saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 9:30 alasiri kwa siku 5 anafanya saa 40, ingawa wengi hukaa zaidi. Kwa kuchukua 45, zinabaki 67.

Safari nayo ina sehemu yake. Mji wa Serikali wa Mtumba uko kilomita zipatazo 17 mashariki mwa katikati ya jiji la Dodoma, kwenye barabara ya Morogoro. Anayeishi Nzuguni au Ihumwa yuko karibu, ila anayetoka Nkuhungu, Chang'ombe au Mkonze hulazimika kulikata jiji zima, mara nyingi kwa daladala mbili. Safari ikichukua saa 2 kwa siku, kwenda na kurudi, ni saa 10 kwa wiki, na zinabaki 57. Kuoga, kuvaa na kula huchukua kama saa 3 kwa siku, yaani 21. Mwisho wa hesabu ni saa 36.

Saa hizo 36 ndizo zinazobeba kila kitu kingine: kazi za nyumbani, watoto, ibada, vikao vya ukoo, misiba, harusi, masomo ya jioni, shamba na mapumziko. Kazi za nyumbani zikichukua 14, zinabaki 22, yaani zaidi ya saa 3 kwa siku. Zikichukua saa 5 kila siku, kama ilivyo kwa wanawake wengi walioajiriwa, ni 35, na mtu anabakiwa na saa 1 kwa wiki nzima kwa mambo mengine yote. Hakuna anayeweza kuishi hivyo kwa muda mrefu. Kinachotokea ni kwamba usingizi wa saa 8 unakuwa wa 5, na uchovu unaandamana na mtu hadi ofisini, darasani au wodini.

Kazi isiyo na mwisho wake

Kazi ya ofisini huisha kengele ikilia, au faili likifungwa. Kazi ya nyumbani haina mpaka wa aina hiyo. Sakafu iliyodekiwa asubuhi inakanyagwa mchana, na vyombo vilivyooshwa jioni vinatumika kesho yake alfajiri. Kwa hiyo muda wa kazi hizi hauamuliwi na wingi wa uchafu peke yake. Unaamuliwa zaidi na kiwango ambacho watu wa nyumba wamejiwekea na saa wanazozitoa.

Ushahidi wa jambo hilo upo tangu zamani. Mwaka 1974 mwanasosholojia Joann Vanek alilinganisha kumbukumbu za matumizi ya muda za Marekani za miongo kadhaa. Wanawake wasiokuwa na ajira walitumia saa zipatazo 52 kwa wiki katika kazi za nyumbani miaka ya 1920. Miaka ya 1960, baada ya umeme, maji ya bomba na mashine za kufulia kuenea, walitumia saa 55. Wenye ajira walitumia kama 26. Mwanahistoria Ruth Schwartz Cowan, katika kitabu chake cha mwaka 1983, alieleza kwamba mashine zilipokuja viwango navyo vilipanda: nguo zilizofuliwa mara moja kwa wiki zikaanza kubadilishwa kila siku, na kazi zilizokuwa za baba, watoto na watumishi zikamwangukia mama peke yake.

Somo hilo linaihusu Dodoma moja kwa moja. Tangu serikali ianze kuhamia huko kwa kasi baada ya tangazo la mwaka 2016, na Dodoma kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, familia nyingi zimejenga au kupanga nyumba kubwa kuliko walizozizoea, zenye vigae sakafuni, vyoo vitatu, madirisha mapana na ua mpana. Kila chumba kinachoongezwa kina saa zake za kusafishwa. Anayepanga nyumba Kisasa, Ilazo au Iyumbu anafanya vyema kukadiria saa za usafi kama anavyokadiria kodi, kwa sababu zote mbili hulipwa kila mwezi.

Anayelipa saa hizo anajulikana pia. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba wanawake ulimwenguni hutumia wastani wa saa 4 na dakika 25 kwa siku katika kazi za nyumbani na matunzo zisizo na malipo, na wanaume saa 1 na dakika 23. Tanzania imeingiza maswali ya matumizi ya muda katika tafiti zake za kitaifa za nguvukazi, ukiwamo wa mwaka 2014 na wa 2020/21, na huko pia mzigo wa wanawake ndio mkubwa. Sheria ya nchi haizichukulii kazi hizi kuwa kitu cha bure. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa. Kazi ambayo mahakama imeipa thamani inastahili kupangiwa saa kwa heshima ileile inayopewa kazi ya mshahara.

Kazi zisizokatwa

Kabla ya kupunguza chochote, ni lazima kujua kipi hakipunguzwi. Kipimo ni kimoja: kazi hii ikiachwa wiki nzima, je, kuna atakayeugua? Kwa kipimo hicho, kazi za lazima ni chache kuliko zinavyodhaniwa.

Ya kwanza ni maji ya kunywa kuchemshwa au kutibiwa na kuwekwa kwenye chombo chenye mfuniko. Ya pili ni kuosha mikono, vyombo vya chakula na choo. Ya tatu ni usafi wa miili ya watoto, na hapa nyanda za kati zina funzo lake lenyewe. Wilaya ya Kongwa, mashariki mwa Dodoma, ilisumbuliwa sana na trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha. Utafiti uliofanyika huko na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba watoto ambao nyuso zao zilidumishwa safi walikuwa na hatari ndogo zaidi ya trakoma kali. Kunawisha uso wa mtoto huchukua dakika 1 na kikombe cha maji. Mzazi mwenye dakika 20 tu asubuhi anawatendea wanawe haki zaidi akiwanawisha na kuwapa uji kuliko akiziishia kwenye kung'arisha vigae vya sebuleni.

Ya nne ni utunzaji wa nafaka na karanga. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo hutokana na ukungu unaoota kwenye nafaka zisizokauka vizuri, na kupika hakuiondoi. Kuanika mahindi juu ya turubai badala ya ardhini, kuyahifadhi mahali pakavu palipoinuliwa, na kutupa punje zilizovunjika, zilizosinyaa au zenye ukungu kabla ya kusaga ni kazi ya nyumbani ambayo haina mbadala. Karanga za kusaga kwa ajili ya mboga zinahitaji uangalifu uleule.

Nje ya orodha hiyo, karibu kila kitu kinaweza kupunguzwa, kuahirishwa au kufanywa na mtu mwingine. Kupiga pasi mashuka, kusugua sufuria kwa nje hadi ing'ae, kufua mapazia kila mwezi na kupanga upya kabati ni mambo mazuri kwa mwenye nafasi. Mwenye ajira hatendi kosa lolote akiyaacha.

Vumbi la kiangazi

Mvua za Dodoma ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni mikavu, na upepo wa katikati ya mwaka huinua vumbi jekundu linaloingia hadi ndani ya kabati. Kwa mgeni aliyetoka Dar es Salaam au Mwanza, vumbi hili ndilo linalomaliza saa zake za jioni, kwa sababu hujaribu kulishinda kila siku. Halishindwi. Linaweza kupunguziwa njia za kuingilia na sehemu za kutua.

Njia za kuingilia hupungua madirisha ya upande wa upepo yakifungwa kabla ya watu kuondoka asubuhi, kitambaa kinene kikiwekwa chini ya mlango, na viatu vikiachwa barazani. Miti ya mwarobaini, inayostahimili ukame na kuonekana kote Dodoma, ikipandwa upande wa upepo huvunja kasi yake na kutoa kivuli. Sehemu za kutua hupungua vitu visivyotumika vikiondolewa sebuleni. Vitambaa vya makochi, maua ya plastiki, mazulia manene na rafu zisizo na milango hudai kukung'utwa kila mara. Vyombo vya wageni vikae ndani ya kabati lenye milango.

Namna ya kusafisha nayo ina maana. Kufagia kwa ufagio mkavu huliinua vumbi, nalo hutua tena baada ya nusu saa. Dekio lenye unyevu kidogo hulichukua kwa mara moja. Vyumba vya kulala vinatosheka na kudekiwa mara 2 kwa wiki, sebule na jiko mara 3, na ghala mara 1 kwa mwezi. Ua wa udongo hauhitaji kufagiliwa kila alfajiri wakati wa kiangazi, maana fagio la chelewa kwenye udongo mkavu hutengeneza vumbi lilelile litakaloingia ndani. Kuokota takataka kila siku na kufagia mara moja kwa wiki, baada ya kunyunyiza maji yaliyotumika kufulia, kunatosha. Kokoto zikimwagwa kwenye njia ya kuingilia hupunguza kazi hiyo zaidi, na mvua zikija huzuia tope.

Maji

Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka kwenye visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora kaskazini mwa mji, na jiji limekua haraka kuliko maji yake. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 765,179. Mgao wa maji umekuwa sehemu ya maisha katika mitaa mingi, na nyumba inayongoja maji yatoke usiku wa manane ili ijaze ndoo hupoteza usingizi wa mtu mmoja kila mara.

Tenki la kuhifadhia maji ndicho kifaa kinachookoa saa nyingi kuliko vyote katika nyumba ya Dodoma, kuliko hata mashine ya kufulia. Likifungwa kifaa cha boya kinachokata maji lenyewe linapojaa, hakuna haja ya mtu kukesha. Kwa aliyepanga chumba, mapipa mawili yenye mifuniko na bomba la chini hufanya kazi hiyo. Ratiba ya kufua na kudeki ifuate siku ya mgao. Maji ya kusuuzia nguo yakingwe kwa ajili ya kudeki, kisha yamwagwe chooni au kwenye miti. Anayenunua maji ya madumu afikirie kulipa na nauli ya kuletewa, kwa sababu saa ya kusukuma toroli baada ya kutwa ya kazi ni ghali kuliko inavyoonekana.

Jikoni

Kupika ndiko kunakokula saa nyingi kuliko kazi zote, na ndiko penye nafasi kubwa ya kuokoa. Tatizo kubwa huwa ni kuanza upya kila jioni: kuwasha mkaa, kuchagua maharage, kumenya vitunguu, kukaanga, kusonga ugali, kisha kuosha masufuria yote. Jioni ya namna hiyo huchukua saa 2 na nusu, na mlo hufika mezani watoto wameshasinzia.

Nishati ndiyo hatua ya kwanza. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Mbali na kuokoa misitu na mapafu, gesi na umeme huokoa muda wa kuwasha, kupuliza na kusugua masizi. Jiko la presha la umeme huivisha kwa chini ya saa 1 maharage makavu ambayo kwenye mkaa yangehitaji saa 2 au zaidi, na hakuna anayehitaji kusimama karibu nalo. Asiye na uwezo wa kununua anapata faida kubwa kwa kuloweka tu: maharage au kunde zilizolala kwenye maji usiku kucha huiva kwa muda mfupi zaidi.

Hatua ya pili ni kupika kwa wiki. Jumamosi, maharage ya kilo 2 huchemshwa kwa pamoja, hugawanywa kwenye vyombo vidogo na kugandishwa. Nyanya, vitunguu, karoti na hoho hukatwa au kusagwa mara moja. Nyama huchemshwa na kuwekwa kwa mafungu ya mlo mmoja mmoja. Jioni ya siku ya kazi kinachobaki ni kuunga na kusonga ugali, na chakula huwa tayari kwa dakika 40. Kwa nyumba isiyo na friji, jibu liko kwenye vyakula vikavu ambavyo nyanda za kati zimevitegemea tangu kale. Mlenda mkavu wa kusaga, unaouzwa katika masoko ya Majengo na Sabasaba, huiva kwa dakika chache na kuliwa na ugali wa uwele au wa mtama. Samaki wakavu wa Mtera na karanga zilizosagwa hukamilisha mlo bila mtu kupita sokoni kila jioni.

Sokoni kwenyewe mara 1 kwa wiki inatosha kwa vitu vikavu, na mboga za majani zinunuliwe njiani au kwa wanaopita mitaani. Si aibu kununua chapati, maandazi ya asubuhi au wali wa mama ntilie siku ambayo kikao cha ofisini kimevuka jioni. Fedha hiyo inanunua muda, na mara nyingine muda ndio uliopungua kuliko fedha.

Nguo

Nguo za ofisini na sare za shule ndizo zenye tarehe, kwa hiyo zitangulie. Familia ya watu 5 ikiwa na sare 2 kwa kila mtoto na nguo za kazi 5 kwa kila mtu mzima inaweza kufua mara 1 kwa wiki. Jua la Dodoma hukausha shati kwa saa chache, na shati lililokung'utwa vizuri na kutundikwa kwenye henga lingali na maji huhitaji pasi kidogo tu. Pasi ipigwe kwa pamoja Jumamosi, kwa nguo zinazoonekana na watu peke yake. Katika miezi ya upepo kamba iwekwe barazani au nyuma ya ukuta, maana nguo iliyopigwa na vumbi ikiwa mbichi hufuliwa mara mbili. Dobi, au mama anayefua kwa malipo mtaani, ni msaada wa haki kwa anayeishi peke yake, ilimradi alipwe papo hapo na kwa bei isiyomdhulumu.

Kugawana

Saa 12 hadi 14 ni za mtu mzima mmoja. Nyumba yenye baba na mama walioajiriwa ina saa 24 hadi 28 kwa jumla, na hizo zinaitosha nyumba ya kawaida. Kiasi hicho huwa kidogo pale tu mmoja anapofanya zote na mwingine anapumzika. Wote wawili wametoka kazini, wote wamepanda daladala, na wote watakula. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mgawanyo unaodumu ni ule wa kazi nzima. Mtu anayeambiwa "saidia kidogo" hubaki akingoja kutumwa, na anayetuma hubaki na mzigo wa kukumbuka kila kitu. Ni bora baba akabidhiwe maji, soko la wiki na vyombo vya usiku moja kwa moja, ikiwamo kukumbuka sabuni ikiisha, na mama akabidhiwe mlo wa jioni na nguo, au kinyume chake. Anayekabidhiwa afanye kwa namna yake. Kukosoa jinsi sufuria lilivyopangwa kabatini hurudisha kazi kwa mkosoaji.

Watoto wana sehemu yao, wa kike na wa kiume kwa kipimo kimoja. Mwenye miaka 5 anaweza kupanga viatu na kukusanya nguo chafu, wa miaka 8 kufagia na kuosha vikombe, wa miaka 12 kufua sare yake na kupika wali akisimamiwa. Nusu saa kwa siku ni mafunzo mema. Kazi inayomnyima mtoto muda wa kusoma au kulala imeshavuka mafunzo. Mvulana aliyezoea kudeki akiwa mdogo hataona ajabu kudeki atakapokuwa na nyumba yake, na binti aliyekua akimwona kaka yake akiosha vyombo hatabeba peke yake mzigo wa watu wawili.

Msaidizi wa kazi za nyumbani

Nyumba nyingi za wafanyakazi humtegemea dada wa kazi, mara nyingi kutoka vijiji vya Dodoma yenyewe, Singida au Iringa. Ni muhimu kukumbuka kwamba saa zinazopungua kwa mwajiri huhamia kwake, hazitoweki. Yeye naye ni mwajiriwa wa kutwa. Sheria ya mwaka 2004 inamhusu: saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka, na mshahara usiopungua kima cha chini kinachotangazwa na serikali. Mtoto chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa kabisa. Chama cha wafanyakazi cha CHODAWU ni miongoni mwa vinavyowatetea wafanyakazi wa majumbani.

Makubaliano yaandikwe na yasomwe kwa sauti mbele ya wote: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, siku ya mapumziko, kazi zilizomo na zisizokuwamo. Dada anayeamka saa 10 alfajiri na kulala saa 5 usiku anafanya kazi ya watu wawili, na nyumba yenye watu wazima wawili wenye nguvu haina haki ya kumdai hivyo. Palipo na mtoto mchanga, malezi yahesabiwe kuwa ndiyo kazi yake kuu, na kudeki na kufua vifanywe na wenye nyumba au na msaidizi wa siku moja moja.

Hali za pekee

Mama aliyejifungua ana likizo ya siku 84, au 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja, na akirudi kazini sheria inampa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Katika mwaka wa kwanza wa mtoto, saa za mama za kazi za nyumbani zishuke hadi 6 au 7 kwa wiki, na tofauti ibebwe na baba na ndugu. Likizo ya baba kisheria ni angalau siku 3, na ni vema aongezee za likizo yake ya mwaka. Bibi au shangazi anayekuja kusaidia aje kusaidia kazi, wala asiwe mgeni mwingine wa kupikiwa.

Wafanyakazi wengi wana nyumba mbili, Dodoma ya ajira na Dar es Salaam ya familia. Tangu mwaka 2024 treni ya reli ya kisasa (SGR) imefupisha safari hiyo, lakini wikiendi ya kwenda na kurudi bado huondoa Jumamosi ya kazi za nyumbani. Anayeishi hivyo anahitaji makazi madogo Dodoma: chumba na sebule, sahani chache, na saa zisizozidi 5 kwa wiki. Na akifika Dar es Salaam asiwe mgeni anayeandaliwa, maana mwenzake amebeba wiki nzima peke yake.

Kipindi cha Bunge la Bajeti, kuanzia Aprili hadi Juni, watumishi wengi hukaa ofisini hadi usiku, na nyumba hupokea wageni. Miezi ya palizi, kwa wenye mashamba ya mahindi au zabibu Hombolo na Mpunguzi, Jumamosi huishia shambani. Katika misimu hiyo saa za nyumbani zipunguzwe hadi 8, zibaki kazi za afya na mlo. Mgeni akaribishwe kwa chakula cha kawaida na aonyeshwe jiko lilipo. Wauguzi na walinzi wenye zamu za usiku wahesabu kwa wiki na wasihesabu kwa siku, na asubuhi ya kutoka zamu ni ya kulala.

Kupanga na kupima

Familia inayotaka kurekebisha saa zake ianze kwa kuandika, wiki moja, nani amefanya nini na kwa muda gani. Daftari la shule linatosha. Mara nyingi wiki hiyo humfungua macho hata aliyedhani anasaidia sana. Kisha watu wote wa nyumba wakae, wachague kazi zisizokatwa, wazigawe, na waandike kinachoachwa. Kuandika kinachoachwa ni muhimu, kwa sababu kazi iliyoachwa kwa makubaliano haimlaumu mtu, ila iliyoachwa kimya kimya humsumbua mama usiku kucha.

Dalili za saa kuzidi ni usingizi chini ya saa 7 kwa wiki kadhaa mfululizo, hasira za jioni kwa watoto, kusinzia kazini, na Jumamosi inayoisha bila mtu kukaa chini. Hapo cha kupunguza ni kiwango, kwa kuanza na sebule. Dalili za saa kupungua mno ni kuhara kunakojirudia, choo chenye harufu, ukungu kwenye unga, na watoto kwenda shule bila kula. Hapo ziongezwe saa kwenye maji, jiko na choo kabla ya mahali pengine popote. Palipo katikati ya dalili hizo mbili, nyumba inatunzwa vya kutosha, hata kama kuna vumbi juu ya televisheni.

Mpango upitiwe mara 2 kwa mwaka, mvua zinapoanza Desemba na upepo unapoanza katikati ya mwaka, na kila mara kunapotokea mabadiliko makubwa: mtoto kuzaliwa, ofisi kuhama, msaidizi kuondoka, au mmoja wa wanandoa kuanza masomo ya jioni.